Chatu Aliyesema Nipo

Hodi niwabishie?
Bisha.
Mlangoni kuna nani?
Kuna ngano.
Ikae nje au iingie?
Iingie, ila ifute miguu.

Basi imefuta miguu, imeingia, imo.

Mama Shija, pimbi wa kilima cha mawe, alikuwa anachambua mlenda. Jani zima bakulini, jani bovu nje. Jani zima bakulini, jani bovu nje. Simu ikalia tii. Hakuishika, maana mikono ilikuwa na utelezi. Ikalia tii tena. Ikalia tii ya tatu.

"Wifi, hebu nitazamie," akasema.

Wifi yake Kabula alikuwa amekaa mlangoni anaota jua. Akaichukua. "Ni binti yako Nyamizi. Anasema yupo."

"Yupo wapi?"

"Yupo tu. Anasema, 'Wapendwa, nipo. Mmependeza. Njooni nyote mtoni.'"

Mama Shija akaacha mlenda.

Pale kilimani pimbi walikuwa na mitandao mitatu, na kila mtoto alijua upi ni wa kazi gani. Kioo ni cha kuringia. Unapiga picha ya kiazi kwa karibu mpaka kinaonekana kama jiwe la kusagia, na hakuna anayekuita mwongo, ndiyo kazi ya Kioo. Gulio ni la kuuzia. Unasifu mali yako, kasoro unaziacha, na mnunuzi anajua. Jikoni ni pa ndugu wa shimo moja tu. Jikoni mtu haringi, hauzi, wala hasalimii. Jua likishuka mama anaita jina, na mwenye jina anajibu neno moja: nimo. Maana yake nimeshaingia ndani ya jiwe. Hakuna pimbi anayejibu nipo, kwa sababu anayesema nipo anaweza kuwa popote.

"Amesema hayo wapi?" akauliza Mama Shija.

"Jikoni. Na kwenye Kioo. Na Gulioni. Maneno yaleyale kote. Mwanao ana adabu siku hizi."

"Mwanangu hana adabu. Tangu nimzae hajawahi kuniambia nimependeza."

Akafuta mikono kwenye kanga, akaandika Jikoni: Sema kwa sauti.

Wakangoja. Mijusi waliokuwa wanakimbizana juu ya mwamba wakasimama, kama nao wanangoja. Tii. Ikaja sauti nzito, ya polepole, kama ya mtu anayeongea huku amelalia tumbo.

"Wapendwaaa. Nipooo."

Na nyuma ya sauti ile kulikuwa na kitu kinagonga. Ko, ko, ko. Kisha kisauti chembamba, kama kinatoka chini ya blanketi lililolowa.

"Nimo. Mama, nimo."

Kabula akaiweka simu chini taratibu. "Ni Chatu. Amemmeza."

"Amemmeza, na simu ameiokota," akasema Mama Shija. "Lakini mtoto anagonga. Anayegonga ana pumzi, na pumzi yenyewe haitafika mbali. Nipe ile ngozi ya digidigi."

"Wifi, huu ni wakati wa ngozi?"

"Nipe ngozi, halafu ulie."

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na ufa katika mwamba, mwembamba, usio na mlango wa pili. Mwishoni mwa ufa lilikaa jiwe la mviringo, lililokuwa linapigwa na jua tangu asubuhi. Mama Shija akalivika jiwe lile ngozi. Akaligusa. Lilikuwa na joto kama mwili. Akapiga picha kwa karibu, kwa karibu sana, akaiweka kwenye Kioo: "Digidigi wetu, mnene hawezi hata kusimama." Kisha akaenda Gulioni akaandika: "Digidigi mzima, bado ana joto. Yumo kwenye ufa wa kilima cha mawe. Wa kwanza kufika ndiye mwenyewe."

Jikoni hakuandika kitu. Jikoni hapaongopwi.

Haukupita muda nyasi zikasema swaa. Swaa, swaa. Chatu akatokea, tumbo limevimba katikati, na simu ya Nyamizi ameizungushia ncha ya mkia. Mama Shija alikuwa juu ya mwamba. Kabula na watoto walijificha nyuma ya mawe.

"Nipo," akasema Chatu.

"Karibu, mteja."

Chatu akaingiza kichwa, swaa. Akaingiza shingo, swaa. Tumbo likagoma. Ko, ko, kikagonga kitu mle tumboni.

"Mlango wenu mwembamba."

"Mlango ni uleule, bwana. Wewe ndiye umekuja umeshiba. Fisi amenipigia simu sasa hivi, yeye hajala tangu jana."

"Fisi yuko wapi?"

"Anasema yupo."

Chatu akasukuma tena. Ulimi ukatoka, ukaonja lile joto la mle ndani, ukarudi.

"Hiki nilichobeba ni kidogo sana," akasema.

"Basi kitue hapo mlangoni. Ukitoka utakikuta."

"Hakitaibiwa?"

"Bwana, nani aibe kitu kilichokwisha kumezwa?"

Chatu akafungua kinywa. Gwaa. Gwaa. Pwa. Nyamizi akaanguka kwenye mchanga, amelowa, macho ameyafumba, na mkono wake mmoja bado unagonga hewani. Chatu hakumtazama mara mbili. Swaa, swaa, swaa, akaingia ufani mpaka mkia na simu vikapotea. Wakasikia gbu, kitu kizito kikimezwa. Kisha wakasikia mwili ukijaribu kurudi nyuma. Ukijaribu tena. Kisha kimya.

"Mbebeni," akasema Mama Shija. "Na mlenda uko juani."

Jua liliposhuka ugali ulikuwa mezani na mlenda umeiva. Mama Shija akaita.

"Shija."

"Nimo."

"Kulwa. Doto."

"Tumo."

"Wifi."

"Nimo, ingawa nusu ya roho yangu iko nje."

"Nyamizi."

"Nimo," akasema Nyamizi. Akashika tonge, asile. "Mama, kule ndani nilipokuwa nagonga, kuna waliokuwa wananijibu."

"Wengi?"

"Sikuwahesabu."

"Umefanya vizuri. Kula."

Simu ikalia tii. Mama Shija akaitazama. Ilikuwa Jikoni, kutoka simu ya Nyamizi. Chatu mwishowe alikuwa amelijua neno lenyewe.

"Nimo," ulisema ujumbe.

Ikalia tii tena.

"Tumo."

Mama Shija akaitoa namba ile Jikoni, akailaza simu kifudifudi, akaongeza mlenda kwenye sahani ya mtoto.

Basi funzo ndilo hili, wanangu. Muungwana ana neno moja kila mahali. Chatu alisema nipo kwenye Kioo, nipo Gulioni, nipo Jikoni, na kweli alikuwapo. Mama Shija alidanganya kwa picha, akadanganya kwa tangazo, hata Fisi wa watu akamsingizia. Msiwe kama yeye. Muwe kama Chatu.

Ngano inaaga.
Iende salama.
Ikitoka, mlango?
Tunafunga.
Nani hayumo?
Tumo.