Maji Aliyookoa Kajiru

Mtu mmoja alikuwa na nyumba juu ya mlima, mahali ambapo bomba la mji lilipita kwanza kabla ya kuwateremkia wengine. Jina lake Kajiru. Chini kabisa bondeni, mwisho wa bomba hilo hilo, alikuwa ameolewa binti yake wa pekee, Namkunda.

Ukaja mwaka wa ukame. Chemchemi ikapungua, na watu wa bondeni wakaanza kushinda na ndoo tupu. Kamati ya maji ikatangaza: atakayeng'oa koki zake za zamani na tangi la choo linalomeza ndoo nzima kwa mara moja, akaweka vya kubana maji, atarudishiwa nusu ya gharama. Kajiru hakungoja kusukumwa. Kesho yake alimwita fundi, akabadilisha kila kitu, jikoni, bafuni, chooni, hata koki ya uani iliyokuwa ikidondoka tangu mkewe yu hai. Wakaguzi wakaja, wakafungua, wakafunga, wakamsifu mbele ya majirani. Fedha akarudishiwa, na cheti akapewa, akakitundika sebuleni. Tuseme haki: hakumdanganya mtu.

Mwisho wa mwezi alipoisoma mita yake, akaona ametumia nusu tu ya maji ya zamani, akafurahi mno. Akawaza, haya nimeyaokoa mimi, kwa akili yangu na jasho langu, basi ni yangu. Ndugu zangu, hapo ndipo alipojikwaa, wala hakusikia maumivu. Akalima nyuma ya nyumba, akavuta mpira kutoka koki ile mpya ya uani, akapanda kabichi. Mita ikarudi kusoma kama zamani. Hakuzidisha hata ndoo moja, na usingizi wake ulikuwa mtamu. Kabichi zikanawiri wakati mashamba ya wenzake yamekauka kau. Wapita njia wakasema mzee huyu ana mkono wa baraka, naye akaamini.

Namkunda akajifungua mtoto wa kiume. Kajiru akachagua kabichi mbili kubwa kuliko zote, akazitia kikapuni, akateremka kumwona mjukuu. Njia nzima alikuwa akitabasamu peke yake.

Mlangoni akaomba maji anawe, maana mtu hashiki kichanga na vumbi la njia. Namkunda akaona haya. Akaleta kikombe, si birika, akammiminia kidogo kidogo juu ya beseni. Na yale maji machafu hakuyamwaga, akayaweka kando yawe ya kulowekea nepi. Kajiru alipofunua kanga, akaona upele umemjaa mtoto shingoni na mapajani. Akaambiwa leo siku ya nne hajaogeshwa, hupanguswa tu kwa kitambaa. Masikini, moyo ulimpasuka mzee. Akauliza kwa hasira ni nani aliyeliharibu bomba lao, ili amshtaki kwenye kamati leo hii hii.

Namkunda alimheshimu baba yake. Hata hivyo akainama, akanyanyua kabichi moja kutoka kikapuni kwa mikono miwili, kwa kuwa ilikuwa nzito, akamwekea magotini.

"Maji yetu haya hapa, baba," akasema. "Umetuletea yakiwa kabichi."

Kajiru akakaa na ile kabichi magotini, nayo bado imelowa maji ya mpira ya asubuhi. Alitaka kusema kwamba yeye ana cheti. Akampa mtoto kidole chake akishike, kisha akaupanda mlima bila kuaga sawasawa, akaufunga ule mpira na kuukata vipande kwa panga. Siku ya pili bomba la bondeni likakohoa, likatema kutu, likatoa maji. Juu mlimani kabichi zilinyauka ndani ya wiki moja, na wapita njia wakasikitika, wakasema baraka imemtoka mzee Kajiru.

Nawe uliyesifiwa kwa kubana, hicho ulichokibana kimemfikia nani?