Kuponi ya Mama Sikudhani

Hii nimetumiwa na shemeji yangu asubuhi, nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Jamani, someni mpaka mwisho!

Mfalme mmoja alichoka kuendesha shule yake. Akatangaza kwamba kila mzazi atapewa kuponi ya kumsomesha mtoto, aipeleke shule yoyote aitakayo. Shule ya mfalme ikifika Ijumaa bila hata kuponi moja, itauzwa.

Weee! Mji ulilipuka kwa furaha. Wazazi wakakimbilia shule mpya ya Bwana Machano, yenye geti la rangi na mabasi ya njano. Wengine walishona sare kabla hata mtoto hajapokelewa. Machano naye alishaomba kuinunua shule ya mfalme, apate pa kuegesha mabasi.

Mama Sikudhani akampeleka binti yake, ambaye ana kigugumizi. Kumbe kuna usaili! Mtoto akaambiwa ataje siku za wiki haraka haraka, akakwama kwenye neno Jumanne. Wakamkataa.

Mama akalalamika kwamba mfalme amemruhusu kuchagua shule.

"Umeshachagua, mama," Bwana Machano akamjibu. "Sasa na sisi tunachagua."

Roho ilimuuma sana. Ijumaa asubuhi akaenda na binti yake shule ya mfalme, akamkuta Mwalimu Ngonyani anatoa madawati nje, maana hakuna aliyeleta kuponi. Mama akampa ya kwake. Mwalimu hakumuuliza mtoto swali lolote. Alirudisha dawati moja ndani, akamkalisha, akaanza kufundisha.

Mchana Machano akaja na tarishi wa mfalme kuchukua ufunguo. Kumwona mtoto mmoja darasani, akacheka mpaka akashika tumbo. Tarishi akamwambia sheria ni sheria: kuponi ipo, shule haiuzwi.

Habari zikaruka mji mzima! Mara watoto wakaanza kumiminika, wengi wamevaa sare mpya za shule ya Machano. Kumbe nao walikataliwa, ila wazazi wao waliona aibu kusema, wakawaficha ndani siku zote hizo. Wazazi wakayarudisha madawati mbio mbio huku wanacheka na kulia.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mjukuu wa Bwana Machano mwenyewe. Walimu wa babu yake walifuata amri ya babu yake ya kumkataa kila anayeshindwa usaili, wakamkataa na yeye.

Machano alimtazama mjukuu wake, kicheko chote kikamwisha. Akamsogelea Mwalimu.

"Nafasi ipo?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ipo," Mwalimu akamjibu.

Funzo: Ukipewa hiari ya kuchagua shule, uliza kwanza kama shule nayo itamchagua mwanao, na usikubali iuzwe ile isiyomkataa mtoto wa mtu.