Usitaje Bei Hujanywa Maji

Usitaje bei hujanywa maji. Mmeisikia leo mjomba wenu alipomwambia yule mnunuzi wa ng'ombe aliyetaja bei akiwa bado amekaa juu ya pikipiki, nanyi mkacheka, kisha mkaniuliza maji na bei vina undugu gani. Sogeeni, wanangu. Methali hii ilianza hivi.

Singida mjini palikuwa na binti mmoja mthamini, jina lake Eliwaza. Kazi ya mthamini ni kupima nyumba na kusema ina thamani gani. Alikuwa msichana mwenye huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomfanya atengeneze programu ya kompyuta. Aliona watu wakingoja miezi kuthaminiwa, na wengine wakipunjwa kwa sababu mthamini aliamka na hasira zake. Alisema moyoni, "Mashine haina hasira wala haina shemeji."

Programu yake ilifanya hivi. Iliweka kumbukumbu za nyumba zote zilizouzwa mjini: ukubwa wa kiwanja, idadi ya vyumba, aina ya bati, maji, umeme, na umbali hadi lami. Ukiipa nyumba mpya, iliitafutia wenzake watano wanaofanana nayo zaidi, ikaangalia wenzake hao waliuzwa kwa bei gani, ikatoa jibu. Nyumba mia moja ilizimaliza kabla chai haijapoa.

Mkuu wake wa kazi alikuwa Mzee Gwau, aliyebakiza miezi michache kustaafu. Mzee huyu alikuwa na mwenendo wake. Kila nyumba aliyokwenda kuithamini, kabla hajafungua daftari, aliomba maji ya kunywa. Ofisini walimtania.

"Mzee, leo nyumba ngapi?"

"Sita."

"Basi vikombe sita. Ngamia mwenyewe akikuona atakuamkia."

Naye alicheka tu. Eliwaza alidhani ni kiu ya uzee.

Ikaja habari ya barabara ya mchepuko. Ingepita mtaa wa Mlimani, na nyumba za upande mmoja zingebomolewa kwa fidia. Wenye nyumba walijaza fomu mbele ya balozi wao wa nyumba kumi, picha zikapigwa kutoka barabarani, na Eliwaza akaiachia mashine kazi. Siku hiyo hiyo orodha ilikuwa mezani kwa Mzee Gwau, ikingoja sahihi.

Mzee aliisoma taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kikasimama.

"Huyu Bi Sikitu Njiku. Majirani zake wamepata milioni ishirini na sita, ishirini na nane. Yeye kumi na nne. Kwa nini?"

"Hana maji, mzee. Ameandika mwenyewe. Mashine imemlinganisha na nyumba zisizo na maji, zile za kule pembezoni, na bei zao ndizo hizo."

"Umekunywa maji kwake?"

Eliwaza alitabasamu kwa heshima. "Mzee, ninakuambia hana maji."

"Basi nenda ukanywe hayo ambayo hana," akasema Mzee Gwau, akaifunga kalamu yake. "Mimi siweki sahihi."

Eliwaza alikwenda kwa miguu, amekereka kidogo. Alijua milioni kumi na nne zina maana gani. Kwa fedha hizo mama huyo asingepata kiwanja Mlimani tena. Angehamia pembezoni kwenye vumbi, mbali na watu aliozeeka nao. Lakini alijiambia kuwa haki ni haki, na kwamba akimwonea huruma mmoja atakuwa amewapunja wengine.

Nyumba ilikuwa ndogo, kuta zake zimepakwa chokaa. Bi Sikitu alikuwa barazani akichambua mlenda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu ukae. Umetembea juani."

"Nimetoka kwenye ofisi ya uthamini, bibi. Naomba maji ya kunywa."

Uso wa bibi ulichangamka. "Gwau ndiye aliyekutuma. Mthamini anayeanza na maji ni yeye tu," akasema. Akaingia ndani, akarudi na kikombe cha bati.

Eliwaza alikunywa, akasita. Nanyi mnajua maji ya kwetu yalivyo. Visima vingi vina chumvi, na chai ya wageni hutusaliti. Maji haya yalikuwa matamu, baridi, kama ya mvua. Akamaliza kikombe, akaomba cha pili.

"Bibi, unayanunua wapi maji haya?"

"Kununua? Yapo hapo nyuma."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kisima kilichojengewa vizuri, na pampu ndogo juu yake. Kutoka kwenye pampu ile mipira saba ya maji ilitambaa chini, ikapenya kwenye ua, kila mmoja ukielekea nyumba yake. Eliwaza aliifuata kwa macho, mmoja mmoja. Nyumba zile alizijua. Zote saba ziliandikwa kwenye fomu: maji yapo.

Akakaa kwenye ukingo wa kisima.

"Bibi, mbona kwenye fomu ulisema huna maji?"

"Fomu iliuliza kama nina maji yangu, nami sina. Haya marehemu mume wangu aliyachimba, na siku yalipotoka matamu alisema ni sadaka ya mtaa. Kitu ulichokwisha kukitoa sadaka, mjukuu wangu, unakihesabuje kuwa chako? Balozi aliniambia, 'Bi Sikitu, andika.' Nikamwambia andika wewe kwenye yako."

"Lakini bibi, majirani zako wote wamepandishiwa bei kwa maji haya. Ni wewe peke yako uliyehesabiwa una kiu. Niruhusu nirekebishe. Niandike kisima ni chako."

Bi Sikitu akatikisa kichwa. "Hapana. Mume wangu hakuniachia nyumba kubwa wala ng'ombe. Aliniachia neno lake, nami nimelilinda miaka kumi na tisa. Ukiandika kisima ni changu, utakuwa umelibomoa kabla ya hilo tingatinga."

Eliwaza alitazama maji kule chini, akatazama mipira, kisha akauliza polepole, "Na udongo huu ambamo kisima kimechimbwa, bibi? Nao mliutoa sadaka?"

Bibi aliukanyagakanyaga udongo kwa unyayo. "Udongo hatukuutoa," akasema. "Haya, andika hivi, na uandike sawasawa: udongo ni wangu, maji ni ya watu."

Eliwaza akaandika maneno hayo hayo. Alipoyaingiza kwenye mashine, kiwanja kikahesabiwa kina kisima, kikapata wenzake wa haki, na fidia ikawa milioni ishirini na saba. Kisima kikaandikwa mali ya mtaa, na kisima cha mtaa hakifukiwi kabla mtaa haujachimbiwa kingine. Mzee Gwau aliweka sahihi. Kisha akamsogezea Eliwaza kikombe cha maji.

Programu hakuitupa, maana ilikuwa imewafaa wengi. Aliiongezea swali moja tu la kwanza kabisa: *Umekunywa maji ya nyumba hii? Yanatoka wapi?* Pasipojibiwa hapo, mashine haitoi bei. Vijana wa ofisini walilalamika, wakaenda, wakanywa. Huko walikuta mengi ambayo picha ya barabarani haikuyaona. Wakaanza kuambiana, "Usitaje bei hujanywa maji," na mafundi wakalidaka neno hilo kwao, na madalali, na wachuuzi, hadi likamfikia mjomba wenu.

Bi Sikitu alijenga upya pamoja na majirani wale saba, njia mbili juu ya pale, humo humo Mlimani. Siku kisima kipya cha mtaa kilipotoa maji, majirani walimletea kikombe cha kwanza. Yeye akampa Eliwaza.

"Kunywa," akasema. "Kisha uniambie nyumba yangu sasa ni bei gani."

Eliwaza akanywa. Yalikuwa matamu. Akatazama mipira saba mipya ikinyooshwa juu ya nyasi, na watu wakiitana wapishane.

"Hii siijui bei yake, bibi," akasema.

Bibi akacheka, akamjazia tena.

Ndiyo maana, wanangu, tunasema: usitaje bei hujanywa maji.