Mbwa Aliyetaka Kuagwa

Katika mji wa Shamsiya, enzi ya Sultani Muhtasimu, mtawala aliyependa mkate wa moto kuliko farasi wake wote, alikuwako mjane akiitwa Zuwena, mchoma mikate, na jirani yake tajiri Bishara, mwenye mbwa mkubwa kama ndama, jina lake Radi, zawadi aliyopewa na jini kwa fadhila ya zamani.

Basi Bishara akaalikwa harusini mji wa pili, akamleta Radi mpaka uani kwa Zuwena.

"Bi Zuwena, nitunzie huyu mpaka kesho."

"Hang'ati?"

"Huyu? Kuku humpanda mgongoni wakasinzia."

"Wala hana mwiko, Sheikh?"

Bishara akatazama viatu vyake. "Hana. Mpe maji tu."

Na mwiko anao! Jini alimwambia: Radi humkaribisha kila aingiaye, lakini atokaye sharti amuage kwa adabu kama mwenye nyumba, na asiyemuaga atararuliwa. Kila asubuhi Bishara alifunga madirisha, akamwinamia mbwa na kumwomba ruhusa, watu wasijue, maana aliona haya.

Asubuhi Feruzi mchukuzi wa maji akapiga hodi, akaingia, akajaza mtungi, akamuaga Zuwena, akageuka. Radi akamrukia, akamng'ata shavu la mguu, damu ikatapakaa. Zuwena akamvuta Feruzi nyuma ya tanuri, akararua shuka yake akamfunga jeraha.

"Mpole huyo," akasema Feruzi, meno yakigongana. "Mkali wao yukoje?"

Akaitwa Bi Salme mkunga, mjuzi wa majeraha. Akaingia salama, kutoka akakutana na meno. Wakaja askari kumtaka mkunga, maana binti wa Sultani ameshikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya tumboni. Wakaingia, nao wakanasa, na mikuki yao ikapinda kama mishumaa juani, maana mbwa wa jini hachomeki. Mwisho Sultani mwenyewe akaja mbio, kilemba kimemlegea, akaingia.

"Mna nini hamtoki?"

"Karibu, maulana," akasema Bi Salme. "Kuingia hakuna taabu. Ngoja uone kutoka."

Sultani akajaribu, akarudi na joho bila pindo. Akakaa juu ya gunia la unga akalia, maana binti huyo ndiye pekee Mungu aliyembakizia.

Ndipo Bishara akarejea, akasimama mlangoni, akataka kujificha nyuma ya punda wake. Zuwena akamwona.

"Sheikh Bishara, nilikuuliza mwiko ukatazama viatu. Leo nitazame mimi. Mtoto wa watu anakufa na mkunga yuko huku. Sema."

Jasho likamtoka, naye akasema yote mbele ya mji. Watu waliopanda ukutani kutazama wakacheka mpaka wakaanguka.

Sultani hakucheka. Akainama mpaka kilemba kikagusa vumbi. "Bwana Radi, tumekula, tumekaa, tunaomba ruhusa."

Radi akatikisa mkia, akajitenga na mlango.

"Nami naaga, bwana, nina haraka," akasema Bi Salme, akatimua mbio, na kabla ya adhuhuri kasri likasikia kilio cha kitoto, mama yake mzima.

Sultani akahukumu: Bishara abebe mitungi ya Feruzi mpaka mguu upone, na amlipe dawa na fidia, na tangu leo, amkabidhiye mwenzake mnyama ataje meno yake kabla ya manyoya. Feruzi akauguzwa kwa Zuwena, akazoea mkate wake wa moto na Zuwena akazoea mizaha yake, hata wakaoana, na Sultani akawapa nyumba na tanuri kubwa.

Siku ya harusi Bishara akafika na Radi, mdomo wa mbwa umefungwa kwa ngozi. Akasimama mlangoni, akapaza sauti asikie kila mgeni:

"Huyu ni wangu, na anang'ata. Atokaye amuage."

Wakamkaribisha, wakala pilau wote. Na hekima ya hayo ni hii: aibu ya kusema ni ya saa moja, lakini meno uliyoyaficha huacha kovu kwenye mguu wa jirani.