Mama Pimbi Afungua Darasa Jikoni

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa, nyie mnaotafuna huko nyuma!
Pakawa, tumeshameza!
Basi kaeni vizuri, hadithi inaingia na tope miguuni.

Palikuwa na Mama Pimbi, mnyama mdogo kama mto wa kulalia, mkia hana. Alikuwa na watoto watatu, na aliwapenda kuliko jua la asubuhi mwambani.

Chui naye alikuwa na shule ya bweni pangoni. Watoto wa Sungura walikwenda. Likizo ikafika, hawakurudi. Watoto wa Digidigi walikwenda. Likizo ikafika, hawakurudi. Mashavu ya Chui yakazidi kung'aa.

Siku moja, parakacha parakacha, Chui huyo mlangoni.

"Hodi, Mama Pimbi! Watoto wako siwaoni shuleni. Hao ni watoro, na mtoro mimi nambeba!"

"Karibu, bwana mkubwa. Mbona nawafundisha hapa hapa nyumbani?"

"Nyumbani?" Chui akacheka, kwa-kwa-kwa! "Nani kakuruhusu, mama weye? Kesho nakuja kukagua. Na gunia nabeba!"

Mama Pimbi hakubishana. Tipu tipu tipu, mbio mpaka kwa Ndovu, mtendaji wa kata.

"Shikamoo, mzee. Sheria ya kumfundisha mtoto nyumbani inasemaje?"

"Marahaba, binti yangu. Kwanza unijulishe, umeshanijulisha. Kisha ufundishe kweli, si kuchezacheza. Halafu mkaguzi aje, akae, anyamaze mpaka somo liishe. Akikatiza somo, ukaguzi umefutika na kwako hakanyagi tena."

"Anyamaze kabisa?"

"Hata kikohozi akimeze."

Mama Pimbi akacheka kimoyomoyo.

Kesho yake wakaja, Chui na gunia lake, Ndovu kama shahidi, na njiani ameshamsomea Chui sheria ya kunyamaza mpaka somo liishe. Mama Pimbi akashika kisu.

"Tunamenya viazi na kuvihesabu. Hili ni somo?"

"Somo, mwalimu!" wakaitikia watoto.

"Tunakoroga uji. Hili ni somo?"

"Somo, mwalimu!"

Uji ukachemka, bwata bwata. Tumbo la Chui likajibu, nguru nguru.

"Tunakunywa uji. Hili ni somo?"

"Somo, mwalimu!"

Wakaosha vyombo, somo. Wakapiga mswaki, somo. Wakaota jua, somo! Chui akatega sikio asikie kengele. Nyumbani kwa mtu kengele itoke wapi? Njaa inamkwangua, mate yanamdondoka, yeye kimya. Jua likaanza kushuka.

"Tunatandika kitanda. Hili ni somo?"

"Mama weee!" Chui akalipuka. "Somo hili linaisha lini?"

Ndovu akapiga masikio, pwata pwata.

"Umekatiza somo, bwana Chui."

"Mzee, nimeuliza tu!"

"Ukitaka kuuliza unanyoosha mkono," kitinda mimba akamwambia.

Ndovu akapiga hatua moja, tii! Chui akatupa gunia, akatimka, na mwambani hapiti mpaka leo.

Mama Pimbi akawakumbatia wanawe wote kwa mpigo mmoja.

"Mama," akauliza kitinda mimba, "na hili ni somo?"

"Hapana, mwanangu. Haya ndiyo mapumziko."

Na funzo lake? Wapelekeni watoto shule mapema, jamani! Ukiwafundisha nyumbani utakosa hata nafasi ya kwenda chooni.

Hadithi yangu imefika mwisho. Ikiwa tamu, ondokeni nayo. Ikiwa chungu, mpelekeeni Chui, hajala tangu juzi.