Komwe za Bi Mwanasha

Mdomo husahau, komwe husema. Mmeisikia kwa shangazi yenu asubuhi mkacheka, sasa mnataka kujua ilikotoka. Haya, kaeni vizuri. Methali hii ilianza hivi.

Hapa Tongoni palikuwa na mpishi wa harusi, Bi Mwanasha. Pilau yake watu waliifuata kwa harufu tangu njia panda. Lakini alinenepa mwaka hadi mwaka, magoti yakaanza kulia, na mganga wa zahanati akamwambia wazi: usipopungua, mwakani hutaweza kusimama mbele ya sufuria. Na mwakani binti yake Zuhura alikuwa anaolewa. Pilau ya siku hiyo alikuwa akiiota tangu mtoto yuko mgongoni.

"Sasa nipunguze nini?" alimlalamikia mumewe, Mzee Shekue. "Mimi sili. Kutwa nzima sahani moja."

Wala hakuwa akidanganya, maskini. Kwa wapishi, kuonja si kula. Mchuzi hudondoshwa kiganjani ukarambwa, ukoko hubanduliwa, nyama hujaribiwa kama imeiva, tena na tena, na yote hayo hayana jina.

Mzee Shekue alikuwa mcheza bao, mtu wa maneno machache. Alimpa komwe zake zote sitini na nne, zile mbegu za kuchezea bao, ndani ya kibuyu, na kifuu kitupu.

"Kila kitakachopita mdomoni, hata tone, hamisha komwe moja iingie kwenye kifuu. Usijizuie, mke wangu. Hesabu tu."

Siku ya harusi ya jirani alipika kama aliye usingizini. Moshi na mdalasini, vigelegele vya mbali, mkono ukienda mdomoni wenyewe, na komwe zikidondoka moja moja. Kabla ya adhuhuri akapapasa ndani ya kibuyu. Hamna kitu. Na chakula kilikuwa bado hakijapakuliwa.

Akaketi juu ya kinu, akazitazama zilivyojaa kwenye kifuu. Kila komwe ikawa inamrudishia tonge lake: hii ukoko, hii ini, hii kiazi cha moto. Aliona haya, kisha akacheka peke yake.

"Baba Zuhura," alisema aliporudi nyumbani, "zimekwisha kabla sijala."

"Mimi sikusema neno."

"Hukusema. Mdomo husahau, komwe husema."

Harusi iliyofuata, zilizoingia kwenye kifuu zilikuwa hamsini. Mwezi wa tatu, ishirini, maana alikwisha jifunza kuipima pilau kwa pua. Hakuwa mwembamba kama ufito, msije mkadanganywa. Alipungua kiasi cha magoti kumsamehe.

Siku ya Zuhura alisimama tangu alfajiri hadi sahani ya mwisho. Ndipo akanawa, akaketi karibu na mwanawe, akala pilau yake polepole, akiijua ladha ya kila tonge, na machozi yakimtoka kwa furaha.

Basi shangazi yenu akirudia, msicheke tena. Mdomo husahau, komwe husema.