Ndoo ya Bwana Akizane

Kijicho ni kama moto wa pumba: hautoi ndimi, lakini chini kwa chini unateketeza. Moto huo ulimwingia Itsuyo miaka kumi na tisa iliyopita, jirani yake Fusae alipoanza kubeba maji ya kaburi.

Kila vuli, siku ya kumbukumbu ya Bwana Akizane, mtawala wa kale, Fusae aliteka maji chemchemini akapanda nayo ngazi mia sita za mawe, kati ya mierezi, kupita hekaluni hadi kaburini. Njia nzima mbebaji hasemi. Akitoa sauti yoyote, maji yanamwagwa, na mwanamke anayemfuata anaichukua ndoo na kuanza upya. Tangu hapo heshima inahamia nyumbani kwake. Naye akishindwa, jina la nyumba yake linafutwa kwenye orodha ya wabebaji. Aliyefuata alikuwa Itsuyo.

Kinyongo chake kilikuwa na haki. Ngazi zile zilichongwa na wazee wake kwa njaa na viboko. Babu wa babu yake alipondwa na jiwe lile lile la kaburi. Akizane, aliyelazwa chini ya paa la dhahabu, hakubeba hata kokoto. Lakini hasira iliyostahili kaburi, Itsuyo aliimimina kwa mkulima wa mpunga mwenzake.

Siku ya kumbukumbu ilipofika tena, asubuhi kabla ya watu, alipaka mafuta ya nywele kwenye ngazi moja penye kona. Fusae akiteleza, atapiga ukelele. Itsuyo akashuka akiwa na viatu vyake vya mbao. Ndara mpya za majani ya mpunga, vazi la mbebaji, alizifunga kiunoni zisichafuke kabla ya zamu yake.

Safari ilipoanza, ulimi wake nao ukaanza. Alimsema Fusae shamba lake lenye magugu, akamsema na binti yake aliyerudishwa na mume. Waliofuata wakacheka chini chini.

"Shoga, mbona kimya? Au maji yamekujaa mdomoni?"

Masikio ya Fusae yakawaka, akaendelea kupanda.

"Mama mkwe wako alikufa akikulaani. Unajua?"

Fusae akakaza mikono. Kwenye kona akayakanyaga mafuta, akapita. Ndara za majani ya mpunga hushika jiwe lenye utelezi, na hilo Itsuyo, mjukuu wa wachonga mawe, alipaswa kulikumbuka kuliko wote. Tena domo lilikuwa limemsahaulisha kuhesabu ngazi. Kiatu cha mbao kikatua pale pale, akabiringika hadi mguu ukapinda chini yake.

Zilibaki ngazi arobaini. Fusae akautazama mlango wa kaburi uliokwisha kufunguliwa, akaitua ndoo.

"Dada, usiuinue huo mguu," akasema. "Nakuja."

Mtawa mkuu wa hekalu, aliyeongoza msafara, akayamwaga maji, maana mila ni mila, akamgeukia aliyelala chini. "Bi Itsuyo, zamu ni yako."

Kile alichokililia miaka kumi na tisa kilimkuta kifundo kimevimba kama kiazi. Akajaribu kusimama, akaanguka. Akajaribu tena, akalia. Mtawa akalifuta jina la nyumba yake, na Fusae akambeba mgongoni hadi bondeni, ngazi kwa ngazi, bila kumwuliza mafuta yametoka wapi. Mwaka ule Bwana Akizane alikosa maji, wala hakulalamika. Aliyelia ni Itsuyo, kwani mchimba kisima huingia mwenyewe.